Benchi la Wajawazito na Mguu Wangu wa Kushoto

Mwezi wa tano nilipewa karatasi ya kwenda kupimwa mguu. Mwezi wa kumi na mbili mguu ukakatwa. Katikati hapo hakuna ajali, hakuna nyoka, hakuna mtu aliyenipiga panga. Kuna benchi, kuna midomo ya watu, na kuna ukaidi wangu mwenyewe. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nikipoa nitaanza kusema "ni mipango ya Mungu", kama wanavyosema wanaokuja kunipa pole na kunywa chai yangu. Mungu hakumpangia mtu kukaa dirishani bila kusoma karatasi aliyopewa mkononi.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili, nakaa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Kibondo. Jina langu watu wameshalitumia vya kutosha, kwa hiyo niiteni Mama Leonidas. Leonidas ni mwanangu wa kwanza, analinda geti la shirika moja kule kambini Nduta, na nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nakaa na mke wake, Editha, pamoja na wajukuu. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari wote niliokutana nao. Biashara yangu ilikuwa mawese. Najitwika dumu kichwani, naenda sokoni kwa miguu, narudi kwa miguu. Watoto wanne wamesoma kwa miguu hiyo.

Ugonjwa ulianza kidogokidogo, kwenye kigimbi cha kushoto. Kutoka nyumbani mpaka kanisani sisikii kitu. Nikishapita kanisa, kigimbi kinakaza kama nguo inayokamuliwa, mpaka nauma meno. Nikisimama kidogo, maumivu yanaisha kabisa, kama niliyaota tu. Natembea tena umbali uleule, yanarudi.

Sasa mtu mwenye dumu la mawese kichwani hawezi kusimama katikati ya njia kama nguzo. Watu watauliza. Lakini sisi Waha tuna salamu ndefu, na anayesimama kusalimia haulizwi na mtu. Basi nikawa nasalimia. Nikifika kwenye nyumba ya kwanza baada ya kanisa, "Mwakeye!", nauliza habari za mama, za watoto, za ng'ombe, za maharage, za yule kuku aliyeatamia, na kabla ng'ombe hawajaisha mguu umeshapona. Naendelea mpaka nyumba nyingine. Nilizijua nyumba zangu zote za kupumzikia, na kila mwezi zilizidi kusogeleana. Editha akaniambia siku moja huku anapepeta mchele, "Mama, usikasirike. Watu wanasema siku hizi umekuwa mmbea, huwezi kupita mlango wa mtu." Nikamjibu wakome, mimi nina upendo. Karibu mwaka mzima nilificha ugonjwa ndani ya salamu, na nilijiona mjanja sana.

Kulikuwa na mengine ambayo sikuyapa maana. Unyayo wa kushoto ulikuwa wa baridi hata mchana wa jua. Vinywele vya muundi viliisha, ngozi ikawa inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikajua ni uzee. Na kila jioni nilikaa nyuma ya nyumba na kiko changu, navuta tumbaku niliyoipanda mwenyewe kwa mikono yangu, kama alivyovuta mama yangu na bibi yangu. Kama unasoma haya na una dalili hizi, usimalize kusoma. Nenda zahanati, utamalizia baadaye.

Mimi nilikwenda zahanati mara tatu. Mara mbili za kwanza nilipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa ni baridi yabisi. Mara ya tatu nilimkuta daktari mgeni, binti mdogo tu, nikasema moyoni, haya, leo natibiwa na mtoto. Huyo mtoto ndiye peke yake aliyenivua kiatu. Aliweka vidole viwili juu ya unyayo wangu wa kulia, akahesabu. Akaviweka juu ya wa kushoto, akaviacha hapo muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Bibi, unavuta?"

"Kiko tu. Kidogo."

"Kiache. Huku kushoto damu siisikii inavyopita. Naandika ukapimwe mishipa kwa altrasaundi hospitali. Hakuchomi mtu, huchanjwi, hutolewi damu. Wanapaka mafuta na kupitisha kidude juu ya ngozi, basi. Uende wiki hii, usingoje."

Nikaenda wiki hiyohiyo. Hospitali yenyewe siitaji, na wakisoma haya wao watajijua.

Dirishani alikuwepo mama mmoja mnene mwenye miwani. Akaichukua karatasi, akaona neno moja tu, altrasaundi, akanirudishia bila kuniangalia. "Benchi lile pale." Nikageuka nikaona benchi. Wamekaa wasichana saba, wote matumbo mbele. Wa umri wa wajukuu zangu. Juu ya mlango kuna picha ya mama mjamzito anayecheka. Nikarudi dirishani nikasema, mama, mimi ni mguu. Akasema, "Altrasaundi ni moja, bibi. Kaa kwenye foleni."

Nikakaa. Wasichana wakasogea kwa heshima, mmoja akanipisha kwenye ukuta ili niegemee. Tukakaa kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Na kwenye korido ile hupita dunia nzima, anayekwenda maabara, anayetoka famasi, na kila anayepita ananiangalia mimi, anaangalia benchi, ananiangalia tena. Akapita Velediana, jirani yangu, mwanakwaya mwenzangu. Alisimama kabisa. Akafunika mdomo kwa kitenge, akaendelea na safari.

Ndipo yule wa dirishani akaja na daftari lake, anapita mmoja mmoja, anauliza na kuandika bila kuinua kichwa. Alipofika kwangu akauliza vilevile, "Mimba ya ngapi?"

Yesu wangu! Benchi zima lilicheka. Korido ikacheka. Mlinzi wa mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu. Nina uhakika hawakuwa na ubaya, ni kicheko tu, na yule msichana aliyenipisha aliniambia, "Bibi, usiwajali." Lakini mimi nilikuwa mjane wa miaka tisa, mke wa mwalimu wa dini, na nilisikia uso unawaka moto. Nikasimama. Nikakunja karatasi, nikaitia kifuani, nikaondoka. Nilikuwa nimebakiza wasichana wawili mbele yangu. Wawili tu, jamani.

Jumapili, kwaya nzima ilikuwa imeshapata habari. Jumatatu zikafika Nduta, maana habari za Kibondo hazihitaji gari. Leonidas akapiga simu. Hakunisalimia.

"Mama, ni kweli ulikuwa kwenye benchi la wajawazito?"

"Ni kweli."

"Unatuaibisha, mama. Baba hajasahaulika. Ni nani huyo mwanaume?"

Mimi hasira yangu iko hivi: ikiwa ndogo napiga kelele, ikiwa kubwa nafunga mdomo. Nilikata simu. Sikumweleza, wala sikumwonyesha karatasi. Niliiweka chini ya godoro na kuapa kwamba sitaikanyaga tena korido ile, hata wanibebe. Ningeweza kusema maneno matatu tu, nilikwenda kupima mguu. Nilimnyima maneno matatu ili nimkomoe, na aliyekomoka ni mimi.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Anayedhani Kigoma yote ni joto la ziwani aje Kibondo asubuhi za kiangazi, aone watu wanavyoota moto na blanketi mgongoni. Unyayo wangu ulikuwa kama umetoka mtoni. Basi nikawa nafanya tunavyofanya wote, nausogeza kwenye mafiga, karibu na makaa. Asubuhi moja niliusogeza, nikawa nachambua maharage, naongea na Editha. Editha akanusa hewani.

"Mama, kuna nini kinaungua?"

Kilikuwa ni kidole changu gumba. Sikuwa nimesikia chochote. Tukaona lengelenge limevimba na ngozi imekauka pembeni, tukaangaliana. Ee, nakwambia, siku hiyo niliogopa. Kuungua usisikie siyo uzee.

Zahanati nikaambiwa yule binti amehamishwa. Waliobaki wakafunga kidonda, wakanipa vidonge. Kilifungwa mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Hakikuziba. Watu wa nyumbani walileta majani ya kila namna, na shemeji yangu akasema nimetegewa kitu njiani na wenye wivu wa mawese. Editha ndiye aliyekiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi, na kilipoanza kunuka hakufunga pua hata siku moja. Nilimchukia kidogo kwa ajili ya wema wake, kwa sababu nilijua alikuwa amesikia maneno ya kwaya na hakuwahi kuniuliza. Nilikuwa na ukali mwingi miezi ile. Maumivu yaliacha kungoja nitembee, yakawa yanakuja nikiwa nimelala, nikawa nalala na mguu ukining'inia nje ya kitanda ndipo nipate nafuu. Mtu anayelala hivyo hawi mwema kwa watu.

Mvua za kwanza ziliponyesha kidole kilikuwa cheusi. Ndipo Editha, mtoto wa watu asiye na sauti, aliinua godoro langu kutafuta shuka safi, akaikuta karatasi. Akaisoma amesimama. Akanisomea na mimi, kana kwamba siijui: mguu wa kushoto, mishipa ya damu, haraka. Kisha akachukua simu akampigia mume wake, na maneno aliyomwambia sikuwahi kumsikia akiyatumia, na siyaandiki hapa.

Leonidas alikuja siku hiyohiyo, akanipeleka hospitali ya Kasulu, kwa sababu niligoma kurudi kwenye ile korido. Kasulu tulikaa chumba cha kusubiri kimejaa mpaka watu wamekaa chini. Nilikuwa siwezi kushusha mguu wala kuupandisha. Leonidas alikwenda kutafuta mtu wa kuuliza. Pembeni yangu alikaa mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, mfanyabiashara wa vitenge, amekuja na mtoto mwenye homa. Akaniangalia, akaangalia ile bandeji iliyolowa.

"Mama, weka muguu hapa kwangu. Juu ya mapaja."

"Unanuka, mwanangu. Utachafua kitenge."

"Kitenge si kitu, kinafuliwa. Weka tu, hakuna problemu."

Akaushika mguu wangu mapajani kwake kwa saa mbili nzima, mkono mmoja wa mguu, mkono mmoja wa mtoto wake. Jina lake sikulishika. Kila nikitaka kuwachukia binadamu wote kwa jumla, yeye ananiharibia.

Ndani, mpimaji alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alipaka yale mafuta ya baridi, akapitisha kidude kutoka kinenani kushuka chini. Kwenye paja mashine ilitoa sauti ya damu, vufu, vufu, vufu. Akashuka karibu na goti, sauti ikafifia. Akashuka tena, kimya. Akaongeza sauti ya mashine. Kimya. Nilimwona Leonidas anaikazia macho ile spika kana kwamba ataivuta damu itoke.

Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Hakikuuma. Hapakuwa na sindano. Nikamuuliza mpimaji, mashine hii mmeletewa lini, nikidhani ni kitu kipya cha ajabu.

"Hii? Ya kawaida tu, bibi. Hata kule kwenu iko hivihivi. Anabadilisha kidude, anaacha cha tumbo anachukua cha mishipa. Ungekuja wakati unaumwa ukitembea tu, tungeliona hili mapema, ukaanza dawa."

Mashine kama hiyohiyo! Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka mlangoni kwake tangu saa tatu mpaka saa saba, kidole kikiwa kizima, ngozi ikiwa nzima. Nilitaka kupasua kitu. Hapakuwa na kitu cha kupasua isipokuwa mimi mwenyewe.

Tukatumwa Mwanza. Huko waliangalia, wakapima, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, na daktari mkubwa akavuta kiti akakaa, na anayevuta kiti hana habari njema. Uozo ulikuwa umeshapanda. Wangekata chini ya goti ili waokoe goti. Nikauliza, na nisipokubali? Akasema, "Basi tutakupoteza wewe, mama." Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilipoamka Leonidas alikuwa amekaa kitandani kwangu upande ule ambao sasa ulikuwa na nafasi ya kukaa. Analia kama mtoto.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" nikamwambia. "Uliniuliza mwanaume ni nani."

Siku tano sikumsemesha. Siku ya sita aliniletea uji, akaninywesha kwa kijiko, ukamwagika kidevuni, akaufuta kwa mkono wake, nikashindwa kuendelea kununa. Lakini kusamehe na kusahau nimeviweka mbali mbali, na yeye analijua hilo.

Kabla ya kuniruhusu walipima mguu wa kulia, huu uliobaki. Nao mshipa umeanza kuwa mwembamba. Umeanza tu. Wakanipa vidonge vya kunywa kila siku, cha kulainisha damu na cha mafuta ya damu. Wakaniambia nitembee kila siku kwa magongo mpaka kigimbi kiume, nipumzike, nitembee tena. Kiko nisikiguse. Na nirudi kupimwa huohuo mguu baada ya miezi sita. Kiko nilikivunja kwa jiwe nilipofika nyumbani. Wiki mbili nilitukana kila aliyenikaribia, hata kuku. Tumbaku iliyokuwa nyuma ya nyumba Editha aliing'oa akapanda mchicha.

Miezi sita ikaisha wakati watu wanavuna maharage. Leonidas akasema tutakwenda Kasulu. Nikasema hapana. Tunakwenda palepale.

Benchi ni lilelile, limepakwa rangi tu. Wasichana ni wengine, matumbo ni yaleyale. Dirishani yule mama yuko, na miwani yake. Nikampa karatasi. Akaangalia neno moja, akanirudishia. "Benchi lile pale."

"Soma," nikamwambia.

"Nini?"

"Isome yote. Kwa sauti."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Sijui kama alinikumbuka. Watu wakaanza kusogea. Akasoma, kwa sauti ndogo, nikamwambia aongeze, akaongeza, mpaka korido nzima ikajua kwamba Mama Leonidas amekuja kupimwa mishipa ya damu ya mguu. Wewe uliyepewa karatasi yako leo, mzee mwenzangu, fanya hivyohivyo. Waambie wasome. Na wakicheka, waache wacheke, na ukae.

Nikakaa. Leonidas naye akakaa kati yangu na msichana mmoja mwenye tumbo la miezi yote. Akapita mlinzi mwenzake wa zamani, akamwita kwa kejeli, "Kaka, na wewe umeshika mimba?" Leonidas akamjibu bila kucheka, "Nimemleta mama yangu apimwe mguu. Na wewe ukivuta sigara zako hizo, njoo ukae hapa." Masikio yalimwiva mwanangu, lakini hakuondoka kwenye benchi.

Mpimaji alikuwa kijana mgeni, hana hata mwaka kazini, macho yote kwenye kioo cha mashine. Fomu yao imechapwa tayari, ina kisanduku cha kulia na kisanduku cha kushoto. Akabadilisha kidude, kazi ya kupepesa macho. Nikalala, magongo chini ya kitanda, nimejifunika kitenge. Akaanza na mguu wa kulia, kinenani, pajani, gotini. Vufu, vufu, vufu. Chini ya goti, vufu, vufu. Kwenye kifundo, ndogo lakini ipo. Nilishika ukingo wa kitanda. Sijawahi kusikia sauti tamu namna ile, na sijawahi kuwa na hasira namna ile, vyote kwa pamoja, machozi yakaingia masikioni.

"Vizuri, bibi," akasema, bado anaangalia kioo. "Haujazidi, uko kama walivyoandika Mwanza. Endelea na dawa." Akajaza kisanduku cha kwanza. Akachukua mafuta mengine. "Haya, sasa tuone wa kushoto."

Akaingiza mkono chini ya kitenge. Ukapapasa, ukagusa godoro.

Akageuka. Masikini, alikuwa mtoto wa mtu, na akawa mweupe mdomoni. Akaanza kuomba samahani, kwamba hakuona, kwamba fomu ndivyo ilivyo, na kalamu yake ikawa inazunguka juu ya kile kisanduku kitupu, hajui aweke mstari au aache.

"Andika," nikamwambia.

"Niandike nini, bibi?"

"Andika kwamba mguu ulikuwepo. Na mashine ilikuwepo."

Alidhani natania. Nikangoja, nimelala palepale, mpaka akaandika.